Bawa la Kereng'ende na Maji ya Mahali Alipozaliwa

Mvua za vuli zinaposhika na kaskazi kuanza kuvuma, viwanja vya mpira na mabonde ya pwani ya Afrika Mashariki hujaa kereng'ende wa rangi ya dhahabu iliyofifia, wanaozunguka hewani muda mrefu bila kutua, kana kwamba ardhi ina moto. Namzungumzia mdudu mwenye mabawa manne, si yule ndege wa jamii ya kwale ambaye naye huitwa kereng'ende. Wanapotokea, mjadala ule ule hufufuka barazani na kwenye makundi ya simu. Mmoja husema wadudu hawa wametoka India. Mwingine hucheka na kuuliza mdudu asiyefika urefu wa kidole atavukaje Bahari ya Hindi, na ni nani aliyemfuata mpaka akajua. Hapo majibu hutawanyika: wengine husema wamefungwa vifaa vya kufuatilia, wengine husema wametiwa kemikali, na wengine, wakishasikia neno isotopu, huingiwa na hofu ya mionzi.

Hakuna lolote kati ya majibu hayo matatu lililo kweli, na ukweli wenyewe unapendeza kuliko uvumi. Mdudu hafungwi kitu wala hatiwi kitu. Alama inayotafutwa imo mwilini mwake tangu siku alipoota mabawa, na ilitoka kwenye maji ya mahali alipokulia.

Ili hilo lieleweke, tuanze na maneno matatu. Elementi ni kitu cha msingi ambacho hakiwezi kuvunjwa kikawa kitu kingine kwa njia za kawaida za kikemia: dhahabu ni elementi, chuma ni elementi, oksijeni tunayoivuta ni elementi. Maji si elementi, kwa sababu yameundwa na elementi mbili, haidrojeni na oksijeni. Chembe ndogo kabisa ya elementi, ambayo ukiipasua haiwi tena elementi ile, huitwa atomu. Neno la tatu ndilo linaloleta mkanganyiko. Atomu za elementi moja hufanana kwa tabia, lakini si lazima zilingane uzito, kama mapacha wanaofanana sura na sauti ilhali mmoja wao ni mnene. Mapacha hao ndio isotopu. Neno hilo lilianza kutumika mwaka 1913 na mwanakemia Frederick Soddy, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "mahali pale pale", kwa kuwa atomu hizo, pamoja na tofauti yao ya uzito, hukaa kwenye kiti kimoja katika jedwali la elementi.

Pacha tutakayemfuata katika makala haya ni wa haidrojeni. Atomu ya kawaida ya haidrojeni ina protoni moja tu katikati yake, yaani chembe yenye chaji chanya ya umeme. Ipo nyingine, iliyogunduliwa na Mmarekani Harold Urey mwaka 1931, ambayo ina protoni moja na nyutroni moja, chembe isiyo na chaji, na kwa hiyo uzito wake ni karibu mara mbili. Tuiite haidrojeni nzito. Ni adimu: katika maji ya bahari, kati ya atomu milioni 1 za haidrojeni, 156 hivi tu ndizo nzito.

Kuhusu mionzi, jambo hili lielezwe waziwazi, maana hofu yake ni ya kweli hata kama msingi wake si wa kweli. Neno isotopu husikika mara nyingi katika habari za mabomu na za matibabu ya saratani, na ndiyo maana watu hudhani kila isotopu hutoa mionzi. Zipo isotopu zisizotulia, ambazo hubadilika zenyewe na kutoa mionzi, na zipo zilizotulia, ambazo hukaa kama zilivyo milele. Haidrojeni nzito ni katika hizo zilizotulia. Imo kwenye maji ya mtungi, kwenye chai ya asubuhi na kwenye damu ya kila anayesoma hapa, na imekuwamo tangu binadamu wa kwanza. Kumpima mdudu kwa njia hii hakumgeuzi kuwa kitu cha hatari, kwa sababu hakuna kinachoongezwa. Kinachohesabiwa ni kile alichozaliwa nacho.

Sasa, kwa nini uwiano huo wa atomu nzito na nyepesi ueleze mahali? Jibu liko kwenye mvua. Maji yenye haidrojeni nzito huvukizwa kwa shida kidogo kuliko maji mepesi, na wingu linapopoa ndiyo hutangulia kugeuka matone. Fikiria lori linalotoka bandarini Dar es Salaam kuelekea bara, limepakia magunia mazito machache yaliyochanganyika na mepesi mengi. Kila kituo utingo hushusha magunia, na kila mara hupendelea kidogo kushusha yale mazito. Lori likifika Kigoma bado lina mzigo, lakini mchanganyiko wake si ule wa bandarini: mazito yamepungua kuliko mepesi. Wingu hufanya hivyo hivyo. Mvua inayonyesha karibu na bahari hukaribiana na bahari yenyewe kwa uwiano. Mvua inayonyesha mbali sana bara, au juu ya milima, au katika nchi za baridi, huwa na haidrojeni nzito chache zaidi.

Tofauti hizi ni ndogo mno kuhisiwa kwa ulimi au kuonekana kwa jicho, lakini hupimika, na zimepimwa kwa miongo mingi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lenye makao yake Vienna, kwa kushirikiana na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, limekuwa likikusanya sampuli za mvua kutoka vituo vya dunia nzima, vikiwamo vya Entebbe na Dar es Salaam. Kutokana na vipimo hivyo imechorwa ramani ya dunia ambayo, badala ya kuonyesha mipaka ya nchi, huonyesha mikanda ya mvua yenye haidrojeni nzito nyingi na ya mvua yenye chache. Bahari huhesabiwa kuwa sifuri, na upungufu huandikwa kwa sehemu za elfu. Mahali penye alama ya hasi 81, kwa mfano, zile atomu 156 za baharini zimepungua zikawa 143 hivi. Mtu anaweza kuona kuwa pengo la atomu 13 katika milioni ni kitu cha kupuuzwa. Kwa mashine ya kisasa, pengo hilo ni pana kama barabara ya njia nne.

Kutoka mvua tuingie kwa mdudu. Kereng'ende huanza maisha majini. Jike hutaga kwenye madimbwi, na aina hii tunayoizungumzia, ambayo wataalamu huiita Pantala flavescens, hupenda hasa madimbwi ya muda yanayoachwa na mvua. Yai huanguliwa likawa tunutu, mdudu mwindaji asiye na mabawa, ambaye hula viluwiluwi vya mbu na viumbe vingine vidogo mpaka akakomaa, kazi inayoweza kuchukua wiki sita hivi. Kisha hupanda juu ya jani au ubua, ngozi ya mgongo hupasuka, na kereng'ende mwenye mabawa hutoka. Mabawa hayo yamejengwa kwa kitini, aina ya gamba gumu lililo katika miili ya wadudu wote, na haidrojeni iliyo ndani ya kitini hicho ilitoka kwenye maji ya dimbwi na kwenye vyakula vilivyoishi ndani yake.

Jambo la msingi ni kwamba bawa likishakauka halijengwi tena. Damu na misuli ya mdudu huendelea kubadilika kadiri anavyokula na kunywa njiani, lakini bawa hubaki kama chungu kilichokwisha kuchomwa: hata kikiuzwa mikoa mitatu mbali, udongo wake ni ule wa mahali kilipofinyangwa. Ndiyo maana watafiti hawahangaiki na mwili wa kereng'ende, wanataka bawa.

Niliwahi kumwokota mmoja aliyekufa kwenye kizingiti cha dirisha, asubuhi baada ya mvua, nikaliangalia bawa lake dhidi ya mwanga. Ni kama kioo kilichokatwa vipandevipande na kushonwa upya kwa nyuzi nyeusi; karibu na ncha pana kibanzi kidogo cha rangi ya kahawia nyekundu, na ukilishika vidoleni hutahisi uzito wowote. Maabara haihitaji hata bawa zima. Hukatwa kipande, huoshwa kwa kiyeyushi kinachoondoa mafuta na uchafu, hukaushwa, kisha hupimwa kiasi cha theluthi moja ya miligramu, yaani chini ya uzito wa chembe moja ya chumvi ya mawe. Kipande hicho hufungwa ndani ya kikopo cha madini ya fedha, chembamba kama karatasi ya pipi, na kutumbukizwa katika tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000, ambamo haidrojeni yake hutoka kama gesi. Gesi huingia katika mashine iitwayo spektromita ya masi. Humo chembe hupewa chaji ya umeme na kupitishwa penye sumaku kali, na hapo uzito hujidhihirisha: chembe nyepesi hukata kona kali, nzito hutanuka kwenda nje, kama lori lenye shehena linavyohangaika kwenye kona ambayo pikipiki huikata bila shida. Kila kundi huangukia upande wake na kuhesabiwa.

Mfano unaotuhusu sisi wa pwani ulianza kwenye visiwa vya Maldivi. Mwanabiolojia Charles Anderson, aliyeishi huko miaka mingi, aliona kuwa kereng'ende hutokea kwa wingi kila Oktoba, ilhali visiwa hivyo vya matumbawe karibu havina maji baridi ya wazi ambamo wangeweza kuzaliana. Basi walikuwa wapita njia. Mwaka 2009 alichapisha hoja yake: wadudu hawa hutoka India, hupita Maldivi, kisha huendelea kuelekea Afrika Mashariki. Ushahidi wake ulikuwa wa tarehe na pepo. Kereng'ende huonekana kwanza kusini mwa India, halafu Malé, mji mkuu wa Maldivi, mwezi Oktoba, halafu visiwa vya kusini zaidi, Shelisheli mwezi Novemba, na Aldabra, visiwa vya Shelisheli vilivyo karibu zaidi na Afrika, mwezi Desemba. Kilichomshangaza ni kwamba Oktoba upepo wa chini katika Maldivi huvuma kuelekea India, kinyume na safari yao. Lakini juu, zaidi ya mita 1,000, upepo huvuma kutoka India, nyuma ya ule ukanda mvua ambao watabiri wetu wa hali ya hewa huutaja kila msimu, unaposhuka kusini. Mabaharia wa majahazi walisubiri kaskazi ndipo watweke tanga kuja huku. Kereng'ende naye husubiri upepo wake, ila yeye huukuta juu zaidi.

Hoja hiyo ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa ya kuunganisha dalili. Mwaka 2012 Anderson na watafiti Keith Hobson, David Soto na Leonard Wassenaar walipima mabawa ya kereng'ende 49 waliokamatwa Maldivi katika msafara wa Novemba na Desemba. Wastani wa mabawa ulikuwa hasi 117. Bawa halilingani moja kwa moja na maji, kwa sababu mwili wa mdudu nao huchagua kidogo kati ya nzito na nyepesi unapojijenga, kwa hiyo walitumia kanuni iliyopatikana hapo awali kwa kereng'ende ambao mahali walipozaliwa palijulikana. Kanuni ilirudisha jibu: maji ya kuzaliwa yalikuwa na wastani wa hasi 81. Mvua ya kusini mwa India haiko hivyo, wala ya Maldivi, wala ya pwani yetu. Zote ziko karibu zaidi na bahari. Maji ya namna hiyo hupatikana kaskazini mwa India, na pengine zaidi ya hapo, kaskazini na mashariki, jambo lililowafanya watafiti waseme kuwa huenda baadhi ya wadudu hawa huvuka hata milima ya Himalaya.

Msomaji makini atauliza kama dimbwi linalokauka kwa jua halibadilishi uwiano. Huubadilisha, na ni swali zuri. Lakini jua huondoa kwanza maji mepesi, kwa hiyo dimbwi linalokauka huzidi kuwa zito, na kereng'ende aliyekulia humo angeonekana katokea karibu na bahari kuliko ilivyo kweli. Mabawa ya Maldivi yalikuwa mepesi mno. Ukaukaji hauwezi kuyaeleza. Ungefanya kinyume chake. Kinachoweza kupunguza uhakika kutoka upande wa pili ni theluji ya milimani inayoyeyuka na kushuka hadi tambarare, ikibeba alama ya juu kwenda chini. Hata hivyo, nayo inaelekeza kaskazini.

Hapa lazima kuondolewe dhana nyingine, ambayo huenezwa na wanaoupenda utafiti huu kupita kiasi: kwamba isotopu hutoa anwani. Hazitoi. Ramani ya mvua ina mikanda mipana, na mkanda mmoja unaweza kupita nchi kadhaa. Pia hasi 81 iliyoko Asia yaweza kuwa na mwenzake bara jingine. Kazi kubwa ya kipimo hiki ni kukataa. Hakisemi "kijiji fulani", bali husema "si hapa, si pale, si kule", mpaka yabaki maeneo machache, na hapo tarehe, pepo na elimu ya mdudu mwenyewe huchagua kati ya yaliyobaki. Vilevile tuwe waadilifu: mabawa yale 49 yanathibitisha asili ya waliofika Maldivi. Kipande cha safari kutoka Maldivi hadi kwetu bado kinasimama juu ya ule mfuatano wa tarehe, visiwa na pepo, ambao kwa maoni yangu una nguvu sana, lakini ni ushahidi wa aina nyingine.

Tena si mdudu mmoja aendaye na kurudi kama mfanyabiashara mwenye tiketi. Mzunguko mzima, ambao Anderson aliukadiria kuwa kilomita 14,000 hadi 18,000, hupokezanwa na vizazi kadhaa. Anayefika na mvua za vuli hutaga kwenye madimbwi ya huku na kufa. Watoto wake, au wajukuu, ndio watakaoendelea. Kwa hiyo wanaosema kereng'ende huleta mvua wameona kitu cha kweli na kugeuza mpangilio: wadudu hufuata ukanda mvua kwa sababu ndio unaowaandalia madimbwi.

Haidrojeni si shahidi pekee. Kaboni nayo ina pacha mzito, na uwiano wake hutegemea aina ya mmea. Mahindi, mtama, miwa na nyasi nyingi za joto huvuta hewa ya kaboni kwa njia tofauti na pamba, maharage au mpunga, na tofauti hiyo huhamia kwa kiwavi anayekula na kubaki kwenye bawa la nondo. Nchini Marekani njia hii ilitumika kuonyesha kwamba nondo wengi waliokamatwa katika maeneo ya pamba walikuwa wamekulia kwenye mimea ya jamii ya mahindi, habari yenye uzito kwa anayepanga namna ya kuzuia wadudu waharibifu wasizoee sumu. Haidrojeni na kaboni kwa pamoja zilitumiwa na Wassenaar na Hobson mwaka 1998 kwa vipepeo aina ya monaki wanaopitisha baridi kwenye misitu ya Mexico. Kabla ya hapo watu walikuwa wakiwabandika vipepeo vibandiko vyenye namba, wakisubiri bahati ya kumpata tena mmoja kati ya maelfu. Kwa isotopu, kila kipepeo anayeokotwa tayari ana kibandiko chake, na jibu lilikuwa kwamba karibu nusu yao walizaliwa katika ukanda wa kilimo wa katikati ya Marekani.

Shahidi wa tatu ni strontiamu, ambayo hutoka kwenye miamba, si kwenye mvua. Miamba mikongwe sana yenye elementi ya rubidi hujilimbikizia polepole aina moja ya strontiamu, kwa mamilioni na mabilioni ya miaka, na udongo, mimea na wadudu huirithi. Kwa hesabu hiyo mawe ya Mwanza, ambayo ni ya kale mno, hayawezi kuwa na alama moja na udongo wa volkano wa Kilimanjaro au matumbawe ya Unguja. Faida yake ni kwamba mikanda ya miamba haifuati mikanda ya mvua, na ramani mbili zikiwekwa moja juu ya nyingine, eneo la kutafuta hupungua sana.

Ndivyo ilivyofanyika kwa vipepeo aina ya Vanessa cardui waliokutwa kwenye ufuo wa Guyana ya Ufaransa, Amerika Kusini, mwezi Oktoba 2013, wakiwa na mabawa yaliyochakaa, mahali ambapo aina hiyo haiishi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, ulioongozwa na Gerard Talavera, ulipima haidrojeni na strontiamu za mabawa yao ukaona kuwa huenda walizaliwa Ulaya ya magharibi. Lakini miilini mwao mlikuwa na chavua ya mimea ya Saheli, ukanda mkavu ulio kusini mwa jangwa la Sahara. Bawa lilisema walikozaliwa, chavua ikasema walikopita kunywa, na pepo za wakati ule zikaeleza yaliyobaki: walivuka Atlantiki kutoka Afrika Magharibi, kilomita 4,200 au zaidi, kwa siku 5 hadi 8.

Kwa upande wa bahari yetu, hatua inayofuata inajulikana. Kila mwaka, kati ya Aprili na Juni, kereng'ende hutokea tena Maldivi, safari hii wachache, wakati kusi inaanza. Ikiwa hao ndio wajukuu wa waliokuja na kaskazi, basi walikulia kwenye madimbwi ya Afrika, na mabawa yao hayatakuwa mepesi kama yale 49 ya mwanzo. Yatakuwa na alama iliyo karibu zaidi na bahari, alama ya mvua iliyonyesha upande huu.